Mrejesho: Usanifu wa programu kwa watu wenye ulemavu, nikiwa Kigoma

Ndugu zangu, niliuliza kama msanifu wa programu za simu anayeishi Kigoma anaweza kujikita katika ufikivu kwa watu wenye ulemavu na katika kupunguza matumizi ya umeme na bando. Nilianza, kama mlivyonishauri, na WCAG 2.2, mwongozo wa ufikivu wa maudhui ya wavuti uliotolewa na W3C, shirika la kimataifa la viwango vya wavuti, mwaka 2023, na sasa ninaisanifu upya programu ya wauza dagaa wa Kibirizi: maandishi ya kawaida yana utofauti wa rangi na mandharinyuma yake usiopungua 4.5 kwa 1, kila kitufe kina jina linalosomwa na TalkBack (kisoma-skrini cha simu za Android kwa wasioona), na picha nzito zimeondolewa, hatua iliyowafaa zaidi wenye simu za zamani. Wateja, kwa bahati mbaya, hulipia wepesi kuliko ufikivu. Kwa hiyo ninaviuza pamoja.