Asiyekuwepo na lake halipo: kufanya kazi ukiwa nyumbani kunajenga au kunabomoa?

Mwanzisha mada

Wakuu, huu ni mwaka wangu wa sita nafanya uhasibu nikiwa nyumbani. Nasema kazi nikiwa nyumbani, si kazi za nyumbani, ingawa kuna siku hata mimi sijui nimeshika ipi. Hoja yangu naiweka wazi ili mnishambulie vizuri: mpango huu ni neema kwa aliyekwisha kuiva, na ni mtego kwa anayeanza.

Habari ya tija siitaki sana. Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walifanya jaribio la miezi tisa katika Ctrip, kampuni ya usafiri ya China. Kati ya wahudumu wa simu waliojitolea, waliozaliwa tarehe shufwa walipelekwa kufanyia kazi nyumbani, wa tarehe witiri wakabaki ofisini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015: utendaji wa walio nyumbani ulipanda kwa asilimia 13, na kasi ya kuacha kazi ikapungua kwa nusu. Hapo ndipo wengi huishia kusoma. Mbele kidogo utakuta kwamba ukilinganisha watu wa utendaji uleule, wa nyumbani walikuwa na nafasi ndogo zaidi ya kupandishwa cheo.

Hilo nimelionja. Tulipopata meneja mpya, alipitia orodha ya timu kwenye mkutano wa video, akafika kwenye jina langu akauliza kama mimi ni kibarua wa muda. Nilikuwa nimeshafunga hesabu za miaka minne za kampuni ileile! Nilicheka, kwa kuwa cheo nilikuwa nacho tayari. Anayeanza angecheka?

Mwandishi wa programu, miaka kumi kazini

Mkuu, methali uliyoiweka juu inamhukumu bosi wako, haimhukumu aliye mbali. Bosi anayepima kazi kwa kuona koti kwenye kiti atakosea hata mkiwa chumba kimoja.

Halafu umelichukua jaribio la zamani ukaliacha jipya. Bloom na wenzake walirudi kwenye kampuni hiyohiyo, ambayo sasa inaitwa Trip.com, wakafuatilia wafanyakazi 1,612. Kundi moja lilikaa nyumbani siku mbili kwa wiki. Matokeo ya mwaka 2024: katika miaka miwili iliyofuata, hakukuwa na tofauti ya maana katika kupandishwa vyeo, na kuacha kazi kulipungua kwa theluthi moja, hasa kwa wanawake na wanaoishi mbali na ofisi. Mimi ni mmoja wa hao. Bila mpango huu ningekuwa nimeshaacha kazi mtoto wangu wa kwanza alipozaliwa, na leo hatungekuwa na cheo cha kujadili.

Kila Ijumaa naandika aya tatu: nilichomaliza, kilichokwama, ninayemhitaji. Tangu nianze, hakuna aliyeniuliza kama nipo.

Mwanzisha mada

Dada, siku mbili si tano. Huenda kinachowaokoa ni zile tatu za ofisini.

Msaidizi wa uchambuzi wa takwimu, miezi kumi na minne kazini

Mnatuzungumzia kana kwamba hatumo. Shikamooni kwanza.

Kilichonitesa si cheo, ni swali dogo. Ofisini unageuza shingo, unauliza, unajibiwa, unasahaulika. Nyumbani swali lazima uliandike, na maandishi yanabaki pale kila mtu akiyaona. Niliwahi kukaa saa tatu na kosa ambalo mzoefu angelimaliza kwa nusu dakika, kwa sababu tu niliogopa swali langu la kijinga lisiwe kumbukumbu ya kudumu. Aya tatu za dada hapo juu ni nzuri kwa anayejua alichokwamia. Mimi nilikuwa sijui hata jina lake.

Ila kuna utafiti wa wanauchumi Natalia Emanuel, Emma Harrington na Amanda Pallais kuhusu waandishi wa programu katika kampuni moja kubwa ya Marekani. Waliokaa jengo moja na timu yao walipata maoni mengi zaidi juu ya kazi zao, hasa wachanga. Wazoefu waliokaa karibu nao, kwa upande wao, waliandika programu chache zaidi. Yaani ule mgeuko wa shingo kuna mtu alikuwa anaulipia, na si mimi.

Kwa hiyo, mzee wangu mwanzisha mada, nakuuliza kwa heshima: wewe ulifundishwa na nani, na alikuwa amekaa wapi? Unasema nyumbani ni mtego kwetu. Mtego huo unategwa pale mzoefu anapofunga mlango wake.

Mchangiaji anayetumia kiti cha magurudumu

Nyie mnajadili kama ofisi ni bora au la. Mimi kwa miaka minane niliomba kazi kwenye majengo yenye ngazi. Kazi yangu ya kwanza ya kudumu niliipata siku ambayo hakuna aliyenitaka nifike. Endeleeni.

Mtafsiri anayejitegemea

Mmesahau nusu ya swali: maisha. Ile asilimia 13 mnayoitupiana, takriban 9 zilitokana na kukaa kazini dakika nyingi zaidi, kwa mapumziko machache na siku chache za kuugua. Mtu akiwa nyumbani haombi ruhusa, anajikokota na homa yake hadi mezani. Hiyo mnaiita tija?

Ufaransa ilianza mwaka 2017 kumpa mfanyakazi haki ya kutopatikana baada ya saa za kazi, Ureno ikamzuia mwajiri kusumbua watu mwaka 2021, Australia ikafuata mwaka 2024. Sheria nzuri. Ila mimi mwajiri wangu ni mimi, na sina wa kumshtaki. Dawa niliyoipata ni ya kitoto: jioni kompyuta naiweka juu ya kabati, mahali pa kufikia kwa kupanda kiti. Uvivu wa kupanda kiti umeniokolea jioni nyingi.

Mwanzisha mada

Marahaba kijana, umenikamata. Aliyenifundisha alikuwa mama mmoja aliyekaa meza ya nyuma yangu, na alikuwa akichelewa kutoka kazini kwa sababu yangu. Sikuwahi kuliwaza hivyo.

Kwenye anayeanza sijarudi nyuma, bado ndiye anayeumia. Ila naona nilimlaumu umbali kwa jambo tunalolifanya sisi. Wiki ijayo Jumanne na Alhamisi nitafungua simu ya sauti kwa saa mbili na wale wawili wapya wa timu yetu. Kila mtu na kazi yake, kimya, mwenye swali anauliza kwa mdomo, haliandikwi popote.

Mwandishi wa programu, miaka kumi kazini

Safi. Na hizo saa nne za wiki, meneja wako anayepima kwa macho ataziweka wapi kwenye tathmini yako?

Mwanzisha mada

Sijamwuliza. Nikimwuliza atataka kwanza nimkumbushe mimi ni nani.