Kidonda cha mguu miezi minne hakifungi, hii tiba ya oksijeni kwenye chemba inasaidia kweli?

binti_wa_mama: Wakubwa shikamooni. Mama ana sukari mwaka wa 12 huu, kidonda kiko chini ya unyayo, tumesafisha, tumefunga, antibiotiki kameza mpaka kachoka, kinakauka kidogo halafu kinarudi palepale. Juzi kuna mtu kaniambia kuna chemba unalazwa ndani unavuta oksijeni na eti inazibua mishipa, maana miguu yake baridi muda wote. Kuna aliyepitia au ndo kupigwa hela?

Mzee Fimbo: Marahaba mwanangu, pole. Mimi nililala humo mara 30, siku tano kwa wiki, kila siku kama masaa mawili hivi, usaha ulikuwa umeshafika kwenye mfupa. Masikio yanaziba hatari, unameza mate weee mpaka yafunguke. Simu marufuku, mafuta ya kujipaka marufuku, nguo pamba tupu, wanaogopa moto. Kuona mbali nako kukawa shida kwa wiki kadhaa, ila kukarudi. Kidonda kilifunga, lakini nilikuwa nakatwa nyama iliyokufa wakati huohuo, sio oksijeni peke yake.

nesi mstaafu: Kuzibua mishipa HAPANA, huyo kakudanganya. Hewa ya kawaida ina oksijeni 21%, humo unavuta 100% kwa presha mara 2 mpaka 2.5 ya kawaida, kwa hiyo inayeyuka mpaka kwenye maji ya damu na kufika sehemu ambazo zilikuwa zinaambulia kidogo sana, na baada ya wiki kadhaa vimishipa vidogo vipya vinaota. Sasa mshipa mkubwa ukiwa umeziba hiyo oksijeni itapita wapi? Kwanza wampime presha ya kifundo cha mguu walinganishe na ya mkono, na kwa mtu wa sukari wapime mpaka ya kidole gumba, maana mishipa yao inakakamaa, kipimo cha kifundo kinadanganya kwamba mambo safi. Mshipa ukiwa umeziba, daktari wa mishipa ndo anatangulia. Halafu huo unyayo anaukanyagia?

dogo_makini: Apimwe na sukari kabla ya kuingia, humo huwa inashuka. Na vile vihema vya kujaza upepo vya presha 1.3 achana navyo, sio kitu kimoja.

binti_wa_mama: Asanteni sana. Presha ya mguu hakuna aliyewahi kumpima hata siku moja, ndo kwanza nasikia, kesho naanzia hapo. Na nesi, ndio, anaukanyagia kutwa nzima, ukimwambia akae anasema mimi sio mgonjwa 😩