Tupeane uzoefu: fomu ya viza ya masomo imekosewa na imeshatumwa, wewe ulirekebishaje?

Dada wa Ilala

Wakuu habari za jioni. Naomba tuchangie hapa kwa moyo maana kipindi hiki ndo vijana wanapokea barua za vyuo na kila nyumba yenye mtoto wa kwenda nje iko mbioni na fomu. Mdogo wangu kapata chuo Marekani, DS-160, ile fomu ya viza ya Marekani ya mtandaoni, kajaziwa steshenari ya mtaani, ikatumwa kabisa, jioni tunaipitia tunakuta kazaliwa tarehe 5 mwezi wa nne wakati ni tarehe 4 mwezi wa tano. Mama hata chakula hakimpandi, anaona hela imeshaenda na safari imeshakufa. Kwahiyo aliyewahi kupitia hili, nchi yoyote ile, atuambie kosa lilikuwa wapi, alimwambia nani na liliishaje. Naomba tusitishane, na tafadhali tusianze kuelekezana kwa maajenti.

Msafiri F1

Dada kwanza mtulize mama, hela haijaenda popote. DS-160 ikishatumwa ni kweli huwezi kuifungua ukabadilisha kitu, ila unaruhusiwa kujaza nyingine na kujaza fomu ni bure, kinacholipiwa ni ombi la viza, zile dola 185. Rudi kwenye tovuti ileile uliyojazia, chagua kufungua ombi la zamani, weka namba yake inayoanza na AA, herufi tano za mwanzo za jina la ukoo, mwaka wa kuzaliwa na jibu la lile swali la siri. Hilo jibu la siri analo mtu wa steshenari, mfuateni kesho asubuhi kabla hajasahau, wengi wanakwamia hapo na wanaanza moja bila sababu. Ukishaingia utapewa nafasi ya kuanzisha ombi jipya likiwa na majibu ya lile la zamani, sasa usikimbilie tarehe tu ukatuma, pitia ukurasa baada ya ukurasa maana aliyekosea tarehe anaweza akawa kakosea na namba ya paspoti. Sevu kila mara, ukikaa dakika 20 bila kugusa kitu inakutoa nje.

Ukimaliza utapata namba mpya na barkodi mpya, na hapa ndo naomba unisikilize vizuri: ingia kwenye akaunti mliyobukia miadi ya intavyu mkabadilishe namba ya DS-160 iwe ya fomu mpya, zisipofanana mnaweza kurudishwa mlangoni. Mimi yangu ilikosewa anwani ya chuo, siku ya intavyu nilichapa karatasi zote mbili, ya zamani na mpya, nilipofika tu dirishani nikasema fomu ya kwanza ilikuwa na kosa nimejaza nyingine ni hii hapa. Afisa akaichukua, akaanza maswali yake ya nani anakulipia na kwanini kozi hii. Hakuna aliyenigombeza.

Bint Likoni

Mimi natoka Likoni, saa hii niko Uingereza mwaka wa pili. Yangu ilikuwa kwenye CAS, ile barua ya namba ambayo chuo kinakupa ndo uombe viza ya mwanafunzi. Niliomba chuo na paspoti ya zamani, baadaye nikapata mpya, CAS ikaja na namba ya ile ya zamani. Shangazi akaniambia nyamaza watajua wenyewe, mimi roho haikutulia, nikaandikia ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo nikawawekea picha za paspoti zote mbili. Wakaongeza maelezo kwenye CAS ileile upande wao, namba haikubadilika, wala sikulipa kitu. Chuo ndo kinaweza kugusa CAS, wewe huwezi, na ubalozi hauwezi kukutengenezea, kwa hivyo usipoteze muda kuandikia watu wengine.

Mwenzangu mmoja yeye alikosea kwenye fomu yenyewe ya viza, na akagundua ashalipa na ile pesa ya afya, pauni 776 kwa kila mwaka, si mchezo. Kwa vile alikuwa hajatoa alama za vidole aliliondoa ombi akaanza jingine na pesa ikarudi, ilichukua muda lakini ilirudi. Ukishatoa alama za vidole mambo hubadilika. Hapo unaandika barua ya maelezo unaiweka pamoja na vielelezo vyako, unasema swali fulani nilijibu hivi, jibu sahihi ni hili, ushahidi ni huu. Fupi tu.

Baba Neema, Mwanza

Nawasalimu nyote. Mimi naongea kama mzazi. Shida ya sisi Watanzania ni majina. Cheti cha kuzaliwa cha RITA cha binti yangu kina majina matatu, cheti cha shule cha NECTA kina mawili, na jina la babu huku lina herufi mbili T na kule ina moja. Ajenti akajaza ombi la Canada kwa kufuata cheti cha shule. Tulikuja kujua limeshatumwa. Nilikasirika sana siku ile, kwa sababu yule mtu nilimlipa afanye kitu kimoja tu.

Tulichofanya, tulikwenda kwa wakili tukala kiapo kwamba majina yote hayo ni ya mtu mmoja, tukaingia kwenye ile fomu ya mawasiliano ya idara ya uhamiaji ya Canada kwenye tovuti yao, tukaweka namba ya ombi, maelezo ya aya moja, kiapo na kurasa ya paspoti. Wakatujibu wamepokea na yamewekwa kwenye faili, na kibali cha masomo kilitoka na jina sahihi. Ndugu zangu, fomu ya viza inafuata paspoti, haifuati cheti cha form four. Na kama jina lenyewe umelibadilisha kweli, kiapo hakitoshi, fanya deed poll, ile hati ya kubadilisha jina, isajiliwe, kisha urekebishe paspoti KABLA hujaomba viza. Mtoto akiwa form six ndo wakati wa kushughulikia haya, sio wiki ya kuripoti.

Wa Eldoret

Nimesoma zote na nashukuru, lakini niseme kitu kizito kidogo. Makosa ya herufi na tarehe ni makosa. Kuna lile lingine. Binamu yangu alikuwa amewahi kunyimwa viza ya kutembea Marekani, akaenda kwa ajenti kwa ya masomo, kwenye swali la kama umewahi kunyimwa huyo ajenti akaweka hapana. Eti hawataona. Hawataonaje na alama zake za vidole walishazichukua ile mara ya kwanza?? Tulikaa naye usiku tukamwambia hata kama itakataliwa bora ikataliwe ukiwa umesema ukweli, kwa sababu ukionekana umedanganya Marekani wanaweza kukufungia maisha, na Canada kifungo ni miaka 5. Akajaza DS-160 mpya akaweka ndiyo na akaeleza.

Sitawadanganya kuwa alipewa. Alinyimwa, kwa kile kipengele cha 214(b), hawakuridhika kwamba atarudi nyumbani. Lakini jina lake lilibaki safi, mwaka uliofuata akaomba tena, mfadhili akiwa ameeleweka na kozi ikiwa inafuatana na aliyosoma nyumbani, na akapewa. Lile hapana lingebaki pale nadhani leo tusingekuwa tunaongea hivi. Mimi hawa watu wanaowaandikia watoto wetu uongo kwa pesa wananiuma sana.

Mpemba ughaibuni

Assalaam alaykum. Naongezea la I-20, ile karatasi ya chuo cha Marekani ya kuombea viza ya mwanafunzi, maana watu huisahau. Ile karatasi hutolewa na chuo, ikiwa na kosa la jina au tarehe ya kuzaliwa mwambie yule afisa wa chuo anayeshughulika na wanafunzi wa kigeni, yeye ndiye mwenye kuingia kwenye SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kumbukumbu za wanafunzi wa kigeni, akatengeneza na kukupa nyengine. Usiitengeneze kwa kalamu wala kwa kompyuta yako, haramu kabisa hiyo. Na ile ada ya SEVIS ya dola 350, ukiwa ulilipa kwa namba ya chuo cha kwanza kisha ukahamia chuo chengine kabla ya viza, usilipe tena. Waandikie waihamishe kwenye namba mpya. Mimi walinihamishia, nikachapa risiti mpya nikenda nayo.

Dada wa Ilala

Jamani Mungu awabariki, mama nimemsomea yote kakaa sawa. Jibu la siri tumelipata, dogo anajaza sasa hivi mimi nimekaa pembeni na paspoti mkononi. I-20 nimeiangalia tarehe iko sahihi. Swali la mwisho, je kosa likija kuonekana kwenye viza yenyewe ishabandikwa?

Msafiri F1

Linatokea dada. Siku mnayochukua paspoti msiondoke kabla hamjasoma: jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya paspoti, jina la chuo, na namba ya SEVIS ilingane na ya kwenye I-20. Kikiwa kimoja hakiko sawa muwaandikie ubalozi haohao siku hiyohiyo na picha ya viza, kabla ya kukata tiketi. Ila tarehe ya viza kuisha isipofanana na ya I-20 hilo sio kosa, viza ni ya kuingilia tu, kukaa kwake kutafuata masomo.

Bint Likoni

Na wa Uingereza siku hizi kadi ya BRP, ile ya kibali cha kukaa, haipo tena, ni eVisa, yaani kibali cha mtandaoni, kwa hivyo ukishafungua akaunti yako ya UKVI, idara yao ya viza, angalia jina na tarehe zako humo, pana sehemu ya kuripoti kosa kwenye tovuti ya serikali yao. Piga skrinishoti ya kosa kwanza ndo uripoti.