Bakapu za VM zinaleta "successful" kila asubuhi, nitajuaje kama kweli zipo?

chalii_njiro
Wakuu habari za jioni. Naombeni mawazo hasa nyie mliozoea Proxmox, ile programu ya kuendesha mashine pepe (VM). Nimechukua kitengo cha IT kwenye kampuni moja ya utalii hapa Arusha, jamaa aliyekuwepo kahamia Dar kaniachia hosti mbili na VM kumi na moja, kuna ya bukingi, ya uhasibu, ya mafaili ya ofisi, Windows ya domeni (inayosimamia watumiaji na nywila zao), na vingine vidogo vidogo ambavyo hata sijajua vinafanya nini ila naogopa kuvizima. Bakapu zinaanza saa saba usiku zinaenda kwenye NAS (boksi la diski la kwenye netiweki), asubuhi nakuta imeili imeandikwa successful, basi.

Sasa bosi kaniuliza "una uhakika?" nikakosa jibu la kumpa. Tena kuna kitu kinanikera, bakapu ya VM ya mafaili, namba 104, kila siku iko GB 14 hivi haipandi haishuki, na hawa watu wanajaza mapicha ya wageni humo kila wiki. Msimu wa Juni ukishaanza hakuna atakayenipa hata saa moja ya kuzima kitu, kwa hiyo nataka nimalize hili sasa hivi. Nyie mnazifuatiliaje?

Rasta_Sakina
Weka Veeam, programu ya bakapu, ile ya bure mkuu, siku hizi inashika hadi Proxmox, ripoti zake nzuri, utalala usingizi.

mama_logi
@Rasta_Sakina ile ya bure mwisho wake mashine 10, yeye anazo 11 😂 atakuwa anapiga kura kila usiku nani aachwe.

@chalii_njiro kaka achana na imeili kwanza. Fungua logi (kumbukumbu ya kazi) yenyewe ya hiyo 104, ibofye kule chini kwenye Tasks isome mstari kwa mstari, halafu tuambie imeandika nini kuhusu diski. Hiyo GB 14 inaninukia vibaya.

chalii_njiro
Aisee dada. Nimeona. Kuna include disk 'scsi0' halafu mstari unaofuata ni exclude disk 'scsi1' na mwishoni imeandika backup=no. Chini kabisa TASK OK kama kawaida. scsi1 ndiyo diski kubwa yenye mafaili yote!!

mama_logi
Ndiyo hiyo. Proxmox haijakudanganya kaka, imeambiwa diski hii usiichukue, haikuichukua, kazi ikaisha salama, ikakuandikia OK. Nenda kwenye VM, Hardware, bofya mara mbili hiyo diski, washa Advanced utaona sehemu ya Backup haina tiki. Kuna mtu aliitoa, na mara nyingi wanaitoa kwa sababu NAS ilikuwa inajaa, kwa hiyo KABLA hujairudisha pima nafasi kwanza, usije ukaiweka leo kesho bakapu za VM zote zikafeli kwa pamoja.

Ukiwa humo humo nenda Datacenter kisha Backup, juu pale kuna kitufe cha kukuonyesha mashine ambazo haziko kwenye kazi yoyote ya bakapu. Kibofye. Mimi kwenye ofisi niliyoikuta hapa Moshi kazi ilikuwa imechaguliwa VM moja moja kwa mkono, maana yake kila VM mpya iliyozaliwa baadaye ilikuwa nje na hakuna imeili ya kufeli kwa kitu ambacho hakijawahi kupangwa. Weka All, usiyoitaka ndiyo uitoe kwa makusudi.

Kibosho_root
Dada kamaliza upande wa logi, mimi niongezee upande wa kufuatilia maana hapo ndipo watu wengi tunapigwa. Ile imeili inatumwa na hosti hiyo hiyo inayofanya bakapu. Umeme ukikatika saa sita na nusu usiku, UPS ikazima, jenereta hakuna mtu wa kuiwasha, saa saba kazi haianzi, na kazi ambayo haijaanza haiwezi kukutumia imeili kwamba imefeli. Asubuhi unaingia ofisini umeme umerudi, hosti imewaka, kila kitu kinapumua, na wewe huna habari. Kwa hilo la umeme kwenye kazi ya bakapu kuna Repeat missed, iweke tiki, hosti ikiwaka itafidia.

Lakini dawa hasa ni kugeuza mambo, badala ya kusubiri taarifa ya kufeli usubiri taarifa ya kufaulu, na isipofika kwa wakati ndiyo kengele ilie. Kuna Healthchecks.io na kuna Uptime Kuma upande wa monita ya aina ya Push, zote ni chanzo huria, kazi yao hapa ni moja tu: zinakupa linki, bakapu ikimaliza vizuri skripti inaigonga hiyo linki kwa curl (amri ya kufungua linki), ikipita saa nne asubuhi haijagongwa unapigiwa kelele Telegram. vzdump, zana ya bakapu ya Proxmox, inakubali skripti ya pembeni, ile parameta ya script, inaiita kila hatua, wewe weka curl kwenye hatua ya job-end, ile ya mwisho wa kazi. Ila hatua ya job-end uijaribu kwanza kwa kufelisha VM moja makusudi uone inafanyaje, usiamini tu. Na hiyo Kuma USIIWEKE ndani ya VM kwenye hosti zile zile, tafadhali. Weka hata kwenye VPS (seva ya kukodi mtandaoni) ya bei chee, iwe nje ya jengo.

Kasome ajali ya GitLab (tovuti ya kuhifadhi msimbo wa programu) ya tarehe 31 Januari 2017, wenyewe waliandika yote hadharani. Injinia alifuta data kwenye seva kuu ya databesi akidhani yuko kwenye ile ya pili. Wakakimbilia bakapu za pg_dump (zana ya bakapu ya databesi ya PostgreSQL) wakakuta hamna kitu, kumbe pg_dump iliyokuwa inaitwa ni ya 9.2 na databesi ni 9.6, ilikuwa inafeli kila siku. Na imeili za kufeli zilikuwa zinatumwa kabisa! Zilikataliwa njiani kwa sababu ya DMARC (ukaguzi wa uhalali wa imeili), hakuna aliyeziona. Kilichowaokoa ni snapshoti ya LVM (nakala ya papo hapo ya diski) ambayo mtu aliichukua kwa mkono kama masaa sita kabla kwa shughuli nyingine. GitLab hao, siyo mimi na wewe.

Rasta_Sakina
Ee bana. Basi na mimi naenda kuangalia folda langu la spamu.

Pasua_junior
Naomba kuuliza, kwani si anaweza kuweka alamu ya saizi tu? Ikishuka ghafla ijulikane.

mama_logi
@Pasua_junior inasaidia ndiyo, faili la leo likiwa nusu ya la jana lazima uulize kulikoni. Ila ona hii 104, yenyewe haikushuka, ilikaa palepale miezi yote na ndiyo ilikuwa mbovu. Alamu ya saizi isingelia kamwe.

Hapo huna ujanja, ni kurudisha. Chukua bakapu ya jana, irudishe kwa amri ya qmrestore kwenye namba isiyotumika mfano 999, ongeza --unique ili ipate MAC (anwani ya kadi ya netiweki) mpya, na kabla hujaiwasha ikatie netiweki, kwenye kadi yake weka tiki ya Disconnect. Hili usilipuuze hasa kwa ile Windows ya domeni, ukiwasha domeni mbili zinazojiona netiweki moja utaita watu majina. Ikiwaka ingia kwa konsoli, usiishie kwenye "imewaka". Mafaili, fungua picha ya juzi uione. Uhasibu, tafuta risiti ya mwisho ya jana jioni, ipo au haipo. Bukingi hivyo hivyo. Chagua VM moja kila wiki zunguka nazo.

Na kwenye zile zenye databesi kaangalie kama guest agent (programu ndogo ndani ya VM inayoongea na hosti) iko hai, logi inatakiwa iwe na mstari wa fs-freeze, yaani mafaili yamegandishwa kwa muda. Usipouona maana yake bakapu imechukuliwa kama vile umechomoa waya wa umeme, databesi nyingi zitajiokoa zenyewe zikiwaka, lakini "nyingi" siyo neno la kumwambia bosi.

chalii_njiro
Dada Mungu akubariki, kaka Kibosho pia. Nimeona agent iko kwenye VM tatu tu. Swali, hiyo NAS iko chumba kimoja na hosti, na masika hii radi zinavyopiga huku sipendi. Tuna ofisi ndogo Moshi ila intaneti yao ya kubahatisha, nitapelekaje mzigo wote ule?

Kibosho_root
Usiupeleke kwa intaneti, uupeleke kwa gari. Tafuta mashine yoyote yenye diski za kutosha weka Proxmox Backup Server (PBS), nyingine weka hapo Arusha kama kuu. Ya Moshi iunge kwanza kwenye swichi ya hapo hapo Arusha, ivute nakala yote ya kwanza kwa sync, ikishamaliza ifungashe vizuri pandisha kwenye kosta, kilomita themanini tu. Ikifika kule itakuwa inavuta vipande vilivyobadilika peke yake, na hiyo hata laini ya kubahatisha inaweza usiku.

Kingine PBS ina kazi ya Verify, inasoma vipande tena na kulinganisha alama zake, kwa hiyo diski ikianza kuoza utajua kabla hujaihitaji. Ipange, iunganishe na kengele ile ile. Ila usiogope ukifuta bakapu za zamani ukaona nafasi hairudi, prune inafuta orodha tu, nafasi inarudishwa na garbage collection, nayo ina subira ya saa 24 na dakika 5 kabla ya kugusa kipande. Watu wengi wanapaniki hapo wanaingia kufuta mafaili wenyewe kwa amri ya rm na ndiyo kaburi lenyewe.

Na zile pasipoti za wageni zilizo kwenye 104, zisisafiri zikiwa wazi, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Washa usimbaji, na ufunguo wake uuchapishe karatasi ukae kwenye sefu ya bosi, maana ufunguo ukibaki ndani ya hosti iliyoungua hizo bakapu zote ni takataka.

chalii_njiro
Mrejesho. Nimeweka tiki ya 104 jana, imetoka GB 14 mpaka 390 😳 ila ilimaliza saa tatu asubuhi na wahasibu wamenishukia kwamba seva nzito. Nirudishe tiki ilivyokuwa mpaka nipate PBS?

mama_logi
Usithubutu. Ipe kazi yake peke yake, ianze Jumamosi saa mbili usiku, na uiwekee bwlimit (kikomo cha kasi) isile diski yote. Hizo nyingine ziendelee saa saba kama zamani. PBS ikifika ndiyo urudi kwenye kila siku, kwa sababu hapo VM ikiwa haijazimwa inakumbuka sehemu gani za diski zimeguswa na kuchukua hizo tu. Na wahasibu wapelekee chai.