"Jifunze kutumia barua pepe kwanza": hayo maneno naambiwa MIMI?

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka. Yule jamaa wa orodha yetu ya barua pepe (ile ambayo ukituma barua moja inawafikia wote), mnamjua, sina haja ya kumtaja, asubuhi hii kaniandikia mbele ya orodha nzima: "Jifunze kutumia barua pepe kwanza." Mimi! Mimi ambaye kila orodha ina folda yake, na vichujio vyangu vinasoma heda ya List-Id (heda ni ile mistari ya taarifa iliyofichwa juu ya barua; hii inataja jina la orodha), si maneno ya kwenye mada, maana mada kila mtu anaikatakata anavyotaka.

Kisa chenyewe hiki. Nilianzisha mjadala, watu 11 wakachangia, hoja ikaiva. Yeye ana swali lake jingine kabisa. Badala ya kuandika barua mpya, kafungua ya kwangu, kabonyeza Jibu, kafuta mada, kaweka yake, akadhani kamaliza. Nikafungua chanzo cha ujumbe: heda ya In-Reply-To, inayosema barua hii inajibu ipi, imebeba Message-ID, yaani kitambulisho, ya barua yangu, mchana kweupe. Kwa hiyo swali lake limekaa chini ya mjadala wangu kama mtu aliyekuja kujenga choo sebuleni kwako. Majibu yake yakamiminika humo humo, hoja yangu ikazikwa hai.

Nikamwandikia pembeni, kwa heshima zote: "Ndugu, hata ukifuta mada, uzi wa majibu unabaki ule ule. Tafadhali anzisha barua mpya." Pembeni, wakuu! Yeye peke yake! Akaichukua hiyo barua yangu akaijibu hadharani. "Jifunze kutumia barua pepe kwanza." Na chini ya hicho kijisentensi kaning'iniza nukuu za kila kilichosemwa tangu dunia iumbwe, sahihi za watu wanne, na ule mkia wa "ukitaka kujiondoa" mara tisa. Nimeshuka nao mpaka kidole kimekufa ganzi.

Jifunze. Kutumia. Barua pepe. KWANZA.

mpita_njia: Pole mtoa mada, ila hiyo sentensi umeshairudia kuliko yeye. Na ulimwandikia pembeni kwa kupenda, au ulikosea kitufe? 😂

mtoa mada: Kwa kupenda! Natumia programu ya Thunderbird, kitufe cha Jibu Orodha ninacho, Ctrl+Shift+L, kinasoma heda ya List-Post yenye anwani ya orodha. Nimeacha kukibonyeza ili nimsitiri. Malipo yake ndiyo haya.

skrini_nyeusi: Thunderbird ya nini? Tumia Mutt, programu ya barua ya maandishi matupu: unaandika subscribe na anwani ya orodha kwenye faili lake la mipangilio, muttrc, unabonyeza L kubwa, basi. Na uzi ulioparamiwa unaukata kwa alama ya #. Ungemkata huyo usingekuwa hapa unalia.

mtoa mada: Nitaukata kwangu, wengine 400 je?

jeraha_bichi: Nyie mnalia uzi. Orodha yetu msimamizi kaweka heda ya Reply-To inayofanya kila jibu lirudi kwa wote. Nikabonyeza Jibu nikijua namjibu rafiki yangu, nikamweleza majibu ya vipimo vyangu hospitali. Yakaenda kwa WOTE. Mpaka leo kuna watu wananiuliza naendeleaje.

mpita_njia: Duh. Unaendeleaje?

bundi: Afadhali hao. Sisi kuna mtu yuko likizo. Kila barua ikiingia, mashine yake inajibu orodha nzima "niko likizo", na hilo jibu nalo linarudi kwake kama barua, inajibu tena. RFC 3834, waraka wa kanuni za majibu ya mashine kwenye barua pepe, ni ya mwaka 2004, ilishaeleza kwamba mashine ikiona heda za List- inaweza kunyamaza. Bado tunapelekewa likizo yake usiku kucha.

mgeni_wa_juzi: Samahani wakuu, mimi nikituma kwenye orodha kupitia Gmail, barua yangu mwenyewe siioni ikirudi. Nikadhani haifiki, nikaituma mara nne.

skrini_nyeusi: Inafika. Gmail inaona ni nakala ya ile iliyo kwenye zilizotumwa, haikuonyeshi tena kwenye kikasha.

bundi: Subiri. Ni WEWE uliyetuma mara nne wiki iliyopita?

mtoa mada: Wakuu, turudi kwenye mada. Mbele ya watu 400 mtu kaniambia nijifunze

jeraha_bichi: @mgeni_wa_juzi nyamaza kimya, usijibu hapo.

mgeni_wa_juzi: Ni mimi. Nisameheni. Nawaandikia wote sasa hivi niombe radhi.

bundi: USITUME