Matairi ya ubavu mweupe yamekwamisha H-Gutachten

Kutoka: Mdau, Bremen

Wadau, habari za wikendi. Gari ni Chevrolet Bel Air ya 1957 kutoka Marekani, forodha imelipwa, karatasi zipo. Juzi kituo cha ukaguzi cha hapa mjini kimegoma kutoa H-Gutachten (hati ya kuthibitisha kuwa gari ni la kale, ili lipate namba ya H) kwa sababu ya matairi tu. Ni diagonali mapya (yale ya zamani yenye nyuzi za mshazari), 7.50-14, ubavu mweupe, yana DOT (namba ya tarehe ya kutengenezwa) ya mwaka jana lakini hayana alama ya idhini ya E. Prüfer (mkaguzi) anataka aione E ndani ya duara, la sivyo nilete barua. Barua ya nani, hakusema. Naomba kujua: kuna karatasi inayokubalika, au ndiyo ninunue radiali (za kisasa) zenye E?

Re: Mdada, Stuttgart

Pole kaka. Hiyo E inatokana na kanuni ya matairi ya UN R30, na R30 yenyewe inasema mwanzoni kabisa kwamba haihusu matairi yaliyoundwa kwa ajili ya magari ya kale. Lebo ya EU nayo haigusi matairi ya magari yaliyosajiliwa mara ya kwanza kabla ya 1 Oktoba 1990. Chapisha kurasa hizo uende nazo.

Ila kabla ya kubishana, angalia 15.1 na 15.2, safu za saizi ya matairi kwenye cheti cha usajili. Kama Gutachten ya § 21 (ripoti ya ukaguzi kamili wa gari lililoingizwa) imeandikwa 205/75 R14 na wewe umefika na 7.50-14, hapo Prüfer ana hoja hata E ingekuwepo. Waambie saizi zote mbili ziingie, moja kwenye 15, nyingine kwenye 22 (safu ya maelezo), kwa mkupuo mmoja. Ukirudi baadaye ni malipo mengine. Na usikate tamaa: kodi ya namba ya H ni euro 191 na senti kadhaa kwa mwaka bila kujali ukubwa wa injini. Kwa V8 hiyo ni bei ya bure.

Re: Mzee, Minneapolis

Kabla ya barua, huo weupe una upana gani? Mwaka 1957 Chevrolet ilishuka kutoka rimu ya 15 hadi ya 14, na weupe ukapungua. Bel Air ya 1955 na 1956 ni 6.70-15, weupe wa inchi 2 na 11/16, yaani milimita 68 hivi. Ya 1957 ni 7.50-14, weupe wa inchi 2 na robo, milimita 57. Wauzaji hupenda kukusukumia weupe mpana zaidi kwa sababu unapendeza dukani. Toleo la 1962 ndipo karibu kampuni zote za Marekani zikahamia ukanda wa inchi 1 au chini yake, kwa hiyo Mustang ya 1965 yenye weupe mpana imekosewa sawasawa na Bel Air yenye ukanda mwembamba. Cadillac Eldorado Brougham ya 1957 ilitangulia na inchi 1, lakini hilo lilikuwa gari la watu wachache mno.

Tazama pia ukingo wa ndani. Kwenye tairi sahihi weupe unazama hadi kwenye rimu. Radiali nyingi za leo huacha pete nyeusi kati ya rimu na weupe, na anayejua huiona akiwa ng'ambo ya barabara.

Re: Mdau, München

Mzee wangu, kwa heshima zote, Prüfer wa Ujerumani hatembei na rula ya kupima weupe. Anachotazama ni kama kitu ni cha enzi ya gari. Kaka wa Bremen, angalia zaidi umri wa matairi, sheria ni miaka 6. Na ukinunua radiali, nunua mbili za mbele kwanza uone.

Re: Mdada, Stuttgart

Jamani! Miaka 6 ni ya trela zenye kibandiko cha 100 (ruhusa ya kwenda kilomita 100 kwa saa), si ya magari madogo. Gari dogo halina kikomo cha umri wa tairi kisheria; kuna milimita 1.6 za kina cha mifereji, na tairi lisiwe na nyufa. Na radiali mbili mbele, diagonali mbili nyuma? § 36 ya StVZO (kanuni za magari za Ujerumani) inakataza kuchanganya. Hata bila sheria, ekseli ya mbele itashika kona kuliko ya nyuma na mkia utakutangulia. Tusiwaingize wenzetu mitaroni kwa kukisia.

Re: Mzee, Minneapolis

Dada amesema kweli. Niongeze: 205/75 R14 ina kipenyo cha milimita 663, 7.50-14 inakaribia inchi 27, yaani 686. Spidomita itaonyesha 100 ukiwa kwenye 97 hivi. Kuzidisha kunaruhusiwa huko, kupunguza ndiyo kosa. Ukihamia radiali, rudia alaimenti pia, maana vipimo vya kitabu cha 1957 ni vya diagonali. Radiali hupenda kasta (mlalo wa mhimili wa usukani) chanya zaidi kidogo.

Re: Mdau, Muscat

Assalaam aleikum. Upana tumeusikia, lakini yakigeuka rangi ya chai utafanyaje? Mpira mweupe hauna masizi, umetiwa titani. Mpira mweusi wa pembeni yake una mafuta na nta za kuuzuia usipasuke, nazo hutambaa kuelekea kwenye weupe. Kiwanda kizuri huweka tabaka la kuzuia katikati. Tabaka hilo hushindwa pale mtu anapotia tyubu kwa sababu rimu inavuja: upepo ulionaswa kati ya tyubu na tairi hutafuta njia kupitia ubavuni na kusukuma mafuta hadi nje. Bel Air ya 1957 ilitoka kiwandani bila tyubu. Ziba rimu kwanza, safisha kutu pale tairi linapokalia. Ukilazimika kutia tyubu, bandua vibandiko vyote vya karatasi ndani ya tairi na upake poda, la sivyo vitaikwangua tyubu mpaka itoboke. Kompresa inayotema mafuta nayo huchafua kutoka ndani.

Usiguse petroli, thina wala vile vimiminika vya kung'arisha tairi vyenye silikoni. Huku kwenye joto madhara huonekana upesi.

Re: Mdau, Houston

Mimi nauliza la pembeni: ukistaafu, gari kama hili unalifikishaje Mombasa?

Re: Mdau, München

Hulifikishi. Kiwango cha Kenya cha KS 1515, mwisho miaka 8, na usukani wa kushoto ni marufuku. Tanzania hawakufungii kwa umri, wanakubandika ushuru wa uchakavu.

Re: Mdau, Houston

Beetle imeshinda Safari Rally 1962, Peugeot 404 imeshinda 1963, kisha 1966 hadi 1968 mfululizo. Leo ukizileta hizohizo zinarudishwa bandarini, huku matatu yenye matairi vipara inapita kizuizini ikipungiwa mkono. Waliotunga hiyo sheria waliwahi kusimama Mlolongo, nje ya Nairobi, na vumbi machoni, kusubiri magari ya Safari yapite? Acha tu.

Re: Mdada, Stuttgart

Siasa zina uzi wake, tafadhali.

Re: Mdau, Bremen

Asanteni sana wote. Kwenye 15.1 hakujaandikwa kitu bado. Lakini hiyo barua iwe ya kiwanda cha matairi au ya muuzaji? Na lile tabaka la bluu juu ya weupe, niliondoe kabla sijarudi huko?

Re: Mzee, Minneapolis

La bluu liache hadi fundi amalize kuvalisha na kubalansi, ndilo linalokinga weupe usikwaruzwe na mashine. Mwambie avishe kinga ya plastiki kwenye kichwa cha mashine, atumie sabuni ya matairi, si grisi, na risasi za kubalansi ziwe za kubandika upande wa ndani. Kisha lioshe siku hiyohiyo, kivulini: maji ya vuguvugu, sabuni, dakika 10 lilainike, brashi laini ya nailoni, suuza. Likikaukia juani wiki kadhaa linang'ang'ania. Alama za ukingo wa barabara zinatoka kwa msasa wa maji namba 600, pole pole, maana tabaka jeupe ni jembamba na ukilivuka chini yake ni jeusi.