Gumzo la ukoo: Anna na kanisa la Leipzig, Ujerumani

Mama: Anna mwanangu, leo umesali wapi? Nakuulizia tangu asubuhi.

Anna: Shikamoo mama, shikamooni wote. Nimetoka zamu ya usiku nikapitiliza kanisani, ndio naamka sasa. Nimeshiriki na meza ya Bwana.

Shangazi: Marahaba mama. Ni lile kanisa la Bach, yule mtunzi wa muziki, ulilotutumia picha?

Anna: Hapana shangazi. Pale kwa Bach, Thomaskirche, nimeenda, na kwaya yao ya wavulana, iliyoanza mwaka 1212, inaimba mpaka mwili unasisimka. Ijumaa nyingi saa 12 jioni mtu yeyote anaweza kwenda kuwasikiliza. Bach aliongoza muziki pale tangu 1723 hadi alipofariki 1750, na kaburi lake limo humo humo kanisani. Ila watalii ni wengi. Unaingia unatoka, hakuna aliyejua kama ulikuja. Mimi nataka mahali ambapo nisipoonekana mtu ataniulizia.

Kaka Joel: Si usali na sisi mtandaoni? Ibada ya kwanza inarushwa kila Jumapili.

Anna: Nikiwa zamu huwa naangalia, kaka. Lakini simu hainipi ushirika.

Baba Mkubwa: Umesema vema. Na ujue huko si ugenini kabisa. Wamisionari wa Leipzig ndio waliofika kwetu Machame, Kilimanjaro, mwaka 1893. Injili ya babu zako ilitoka mji huo unaoishi.

Anna: Nimelikumbuka sana hilo Baba Mkubwa, maana hapa jimbo la Sachsen watu wengi hawana dini kabisa. Kazini nikisema naenda kanisani wananiangalia kama nimesema naenda makumbusho. Miaka ya serikali ya Ujerumani Mashariki iliwatenga wengi na kanisa. Halafu watu hao hao wanajivunia kanisa jingine la hapa mjini, Nikolaikirche, maana maombi ya amani ya Jumatatu pale ndiyo yaliyozaa yale maandamano ya kuipinga serikali hiyo tarehe 9 Oktoba 1989, watu kama 70,000 barabarani. Maombi hayo yapo hadi leo, Jumatatu saa 11 jioni.

Mama: Na huko unakosali sasa wamekupokea? Walikusimamisha ukajitambulisha?

Anna: Hawasimamishi wageni mama. Mlangoni unapewa kitabu cha nyimbo na salamu moja, basi. Kanisa kubwa, watu wachache, na kila mmoja na benchi lake! Nikaenda kukaa karibu na bibi mmoja kama tunavyobanana nyumbani. Akasogea, akahamisha na mkoba wake. Nikanyong'onyea. Kumbe alikuwa ananipa nafasi. Wimbo wa pili akaona sipati ukurasa, akanionyesha namba kwenye ubao, akanifungulia mwenyewe.

Shangazi: Jamani bibi wa watu.

Anna: Wakati wa meza ya Bwana hatukupiga magoti. Tulisimama nusu duara kuzunguka madhabahu, mkate ukapita, kikombe kikapita. Baadaye wote wakashikana mikono. Bibi yule kulia kwangu, mzee mmoja kushoto, mkono wake baridi kama bomba la maji la Machame mwezi wa saba. Mchungaji akatamka neno la amani, ndipo tukaachiana. Hakuna aliyeniuliza jina, lakini waliushika mkono wangu.

Mama: Nimefurahi mwanangu. Nimefurahi sana.

Kaka Joel: Nimesikia huko ukijiandikisha Mkristo mshahara unakatwa. Kweli?

Anna: Kweli, ila watu wanaogopeshana. Ukihamia mji unajiandikisha ofisi ya serikali, na fomu inauliza dini. Ukiandika Mlutheri, kodi ya kanisa inaanzia hapo. Hapa ni asilimia 9, lakini si ya mshahara, ni ya ile kodi ya mapato. Sisi tunaosomea uuguzi kazini kodi ya mapato ni ndogo, na kama hukatwi kodi hiyo, ya kanisa nayo haipo. Kuna wenzangu wameandika hawana dini kwa ajili ya hizo euro chache. Inaniuma.

Baba Mkubwa: Usimkane Bwana wako kwenye fomu.

Shangazi: Na sadaka mnatoa tena juu ya hiyo kodi?

Anna: Tunatoa shangazi. Wanatangaza kabisa inaenda kwenye kazi gani. Ila hakuna bahasha yenye namba yako, na baada ya ibada hakuna mnada. Nimeukumbuka mnada! Mkungu wa ndizi unapanda bei mpaka watu wanashangilia. Hapa ibada huchukua saa moja tu, kisha kahawa, na kwenye kahawa wanasimama wawili wawili wanaojuana.

Shangazi: Sasa wewe unasimama na nani? Makanisa ya Waafrika hayapo?

Anna: Yapo, na nikitaka kusifu kwa makofi huwa naenda. Ila mtaa ninaoishi ndio huu. Leo nimeona kusimama pembeni hakutanisaidia, nikaingia jikoni nikaomba kuosha vikombe. Hapo ndipo maneno yalipoanza! Bibi wa benchi akaja kufuta vyombo, akanisimulia kwamba sharika nyingi za huku zina urafiki na sharika za Kilimanjaro na Meru. Ameniita kwake Alhamisi saa 9 alasiri. Hapa saa 9 ni saa 9, na huendi kumpigia mtu hodi bila miadi. Na nimeandikwa kwaya, mazoezi ni Jumanne. Wote wanasoma nota na wanaimba wametulia kama wako kwenye picha.

Kaka Joel: Wewe cheza kidogo hivyo hivyo, watakuzoea 😀

Baba Mkubwa: Kesho namwona mchungaji akuandikie barua ya utambulisho.

Anna: Hawaidai, Baba Mkubwa, lakini naomba iandikwe. Iwe ya salamu za usharika mzima, na muhuri. Nitaitafsiri nimpe mchungaji aisome ibadani.

Mama: Alhamisi usiende kwa bibi mikono mitupu.

Anna: Sitaenda mikono mitupu mama. Ile kahawa ya nyumbani uliyonifungia bado ipo.